Mwaka Niliposhika Mkia

Tulimzika Mwalimu Kaliste kule Rusororo, mwezi wa saba, na upepo ulivuma kiasi kwamba padri alizishika karatasi zake kwa mikono miwili na bado nusu ya maneno yake ilikwenda bondeni. Watu walinuna. Mimi nilitabasamu peke yangu, kwa sababu marehemu alitumia miaka yake mizuri kutufundisha upepo huo huo, kwenye barabara ile ile inayoonekana ukiwa makaburini, ile inayotoka Rwamagana ikapita Kabuga hadi Remera. Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Kigali, aliyewahi kushindana mbio za baiskeli ujanani, na sisi vijana tulimwita Mwalimu kwa sababu alitufundisha kwenda barabarani kwa kundi na kurudi wote tukiwa wazima. Kwenye foleni ya kutupa udongo nilishikwa bega. Kugeuka, namwona Yohana, fundi seremala wa Gisozi, mvi kichwa kizima, vumbi la mbao bado limeng'ang'ania kola ya koti lake la msiba. Sikio lake la kushoto lilikufa utotoni kwa ugonjwa. La kulia, ambalo hata ujanani lilisikia kwa shida, limemalizwa na misumeno ya umeme, kwa hiyo siku hizi anasoma midomo. "Sadi!" akasema kwa sauti iliyofanya wafiwa wageuke. "Bado wewe iko na kelele?" Nikamjibu polepole ili aone vizuri: "Zimebaki hizo tu, sha." Tukakumbatiana mpaka walio nyuma yetu wakaanza kukohoa.

Sitawachosha na habari za baba yangu na babu yangu. Mwaka tisini na moja nilikuwa kijana mwenye baiskeli na mdomo mkubwa, na hiyo inatosha. Baiskeli ilikuwa ya mbio, nyembamba, ya mitumba kutoka Ulaya, imepakwa rangi upya mara nyingi hata hakuna aliyejua rangi yake ya kwanza. Na mdomo, wallahi, ulikuwa hazina. Nikiita mtu kutoka msikitini alinisikia aliye sokoni. Kwa hiyo tulipoanza kwenda barabarani kila Jumapili, kazi ya kupiga kelele nilipewa mimi bila kura: "Shimo!" "Mbuzi kulia!" "Gari mbele!" Nilikaa mbele, nikapasua upepo na kupiga kelele, na tuliporudi Biryogo niliingia wa kwanza, au wa pili nyuma ya mwenzetu Faustini, huku watoto wakitukimbilia na wasichana wakijifanya hawatuoni. Nilikuwa na raha zangu, sikatai.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa kimoja tu, kirefu, chenye cherehani dirishani na kulabu ukuta mzima. Juu ya kulabu moja suti ya bwana harusi, juu ya inayofuata baiskeli, kisha gauni, kisha baiskeli tena, na mteja aliyekuja kupimwa ilibidi ainame apite chini ya magurudumu. Palinuka mafuta ya cherehani, pasi ya mkaa na jasho letu. Pazia la kitenge lilitenga chumba hicho na mgahawa wa Mama Zubeda, mjane mwenye mikono minene na ulimi mwembamba, na kupitia pazia hilo tulisikia kila kilichosemwa upande wa pili, nao wakasikia vyetu. Hapo ndipo tuliposomeshwa. Mwalimu alichukua vikombe vya chai akavipanga mezani mshazari, kila kimoja nyuma na kulia kidogo ya kilichotangulia, halafu akainama akapuliza kutoka kushoto. "Upepo ukitoka ubavuni," alisema, "usijifiche nyuma ya mgongo wa mwenzako. Hapo utachapwa tu. Jifiche begani mwake, upande ule upepo unakoelekea. Wa mbele akichoka, anashuka, mwingine anapanda. Taratibu! Hakuna shujaa hapa." Mama Zubeda akafungua pazia. "Kaliste, vikombe byangu si baiskeli. Na ukiendelea kupuliza chai ya watu, utakunywa wewe yote."

Tatizo lilikuwa malori. Mpaka wa kaskazini ulikuwa umefungwa kwa ajili ya vita, kwa hiyo karibu kila kitu ambacho Kigali ilikula, ilivaa na kuchoma kilikuja kwa barabara ya mashariki, kutoka Tanzania. Matangi ya mafuta, matrela ya saruji, malori ya mchele, yote kwenye lami moja nyembamba, na sisi humo humo. Kwenda Rwamagana asubuhi hakukuwa na neno. Kurudi ndiyo kulikuwa na kazi, maana jua likishapanda, upepo wa kiangazi ulitoka kusini ukatupiga ubavu wa kushoto, na malori nayo yalitupita kushoto. Sasa sikia jambo ambalo asiyepanda baiskeli halijui. Upepo ukikusukuma kwa muda, mwili wako unauegemea bila wewe kujua. Halafu lori linakuja ubavuni na kuukata ghafla. Uliyekuwa umeegemea ukuta, ukuta umeondoka, na unaangukia kwenye magurudumu ya trela. Likishapita, upepo unarudi kwa hasira na kukutupa mtaroni. Mwalimu alituambia: ukisikia lori, kaa wima, legeza viwiko, usiuamini upepo. Ukisikia. Neno lilikuwa hilo.

Yohana aliletwa na mjomba wake, mteja wa Mwalimu. Alikuwa mpole, mrefu, mikono ya randa na msumeno, na alikuja kila Jumapili kabla ya mtu yeyote, anasimama mlangoni na baiskeli yake ameifuta ikang'aa. Mtaani hakuwa na rafiki. Vijana walichoka kurudia maneno, au walimwita kwa upande wa kushoto wakacheka asipogeuka. Kwetu alihesabiwa mtu. Siku moja aliniambia, tukiwa tunapaka mnyororo mafuta, "Sadi, hapa mutu hanisemeshi sana. Ananiachia nafasi nyuma ya gurudumu yake. Mi natosheka." Nilijifanya natafuta kitambaa. Mwalimu alikuwa ameahidi kwamba mwisho wa kiangazi tutakwenda Rwamagana na kurudi tukiwa na jezi, jezi za kijani alizozikata mwenyewe, na vipande vya Yohana vilikuwa mezani pamoja na vya wengine, vimebandikwa pini. Nilimwona mara nyingi akipita karibu na kuvigusa kwa kidole.

Basi, kosa tulilofanya lilikuwa kosa la watu wenye adabu, la kwetu kabisa. Mgeni nyumbani unamkalisha ndani, mbali na mlango, mahali pasipo na upepo. Kwa hiyo Yohana tulimweka mwisho wa ule mshazari, kulia kabisa, ukingoni, tukiamini tumemhifadhi. "Mpeni nafasi ya mgeni," alisema Mwalimu mwenyewe, na sote tukaona ni heshima. Kumbe barabara ni nyembamba. Mshazari ukifika kwenye ukingo wa lami, wa mwisho hana tena bega la kujificha, na kivuli cha upepo kinaishia kwa aliye mbele yake. Tulikuwa tumempa mgeni kiti chenye mguu mbovu. Baada ya Nyagasambu kuna mahali mikaratusi ya barabarani inakatika na upepo unaingia kama kwenye mlango uliosahauliwa wazi. Trela likaja nyuma, nikapiga kelele yangu maarufu kutoka mbele, na wote wakasikia isipokuwa yule aliyepaswa kusikia. Nilipogeuka nilimwona Yohana anavutwa kushoto, anavutwa, bega lake karibu na zile tairi ndefu kuliko kiuno, kisha trela likaisha na upepo ukamtupa upande wa pili na kumzika kwenye mtaro. Alitoka na mkono umechubuka na uso umejaa udongo. Hakulia. Aliuliza tu kama baiskeli imevunjika.

Jioni ile hatukula vizuri. Mama Zubeda alileta ugali wa muhogo, isombe ya majani ya muhogo na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Kivu ambao siku nyingine tuliwagombania, na sahani zikapoa. Yohana alikuwa ameshakwenda kwake. Faustini, aliyekuwa na miguu mizuri kuliko sote na aliyejua hivyo, akasema walichofikiri wengi: "Mimi simchukii. Lakini huyu iko na shida, na shida yake itatuua sisi. Kundi ni masikio." Mwalimu alisimama. Akaingia upande wa pili wa pazia, na tukamsikia akimwambia Mama Zubeda kwa sauti ya chini, "Nikimrudishia mjomba wake maiti, nitasema nini? Hashonewi jezi huyu. Basi." Mama Zubeda akasema, "Na ukimrudisha mzima halafu abaki peke yake mlangoni kila Jumapili, utasema nini?" Nikasikia chaki ya kushonea ikiwekwa mezani.

Nilisimama. Mdomo wangu ulifunguka kabla ya akili, kama kawaida yake, ila safari hii akili iliufuata. Nikasema kosa si la masikio ya Yohana, kosa ni la nafasi tuliyompa. Anayekaa mwisho awe mwenye nguvu, na Yohana akae mbele yake, katikati ya watu, na huyo wa mwisho ndiye awe macho ya nyuma ya kundi zima. Faustini akacheka. "Na nani atashika mkia? Wewe? Sadi wa mbele?" Nikasema mimi. Chumba kizima kikaguna. Lazima mwelewe, kushika mkia Biryogo halikuwa jambo dogo. Ni kuingia mtaani wakati watoto wameshatawanyika, ni kula vumbi la wenzako, ni kuulizwa na kila muuza karanga, "Vipi leo, umeishiwa?" Mwalimu akarudi kupitia pazia. "Na utamwambiaje lori linakuja? Utapiga kelele?" Nikaelekea mlangoni. Niliposhika mlango niondoke, Mama Zubeda, aliyetoka nyuma ya Mwalimu, akanipiga mgongoni kwa kiganja chake kipana kama alivyotufanyia wote, akisema, "Nenda, mutoto, Mungu iko." Nikasimama pale pale. Nikamgeukia Mwalimu nikamwambia, "Hivi. Nitamwambia hivi."

Tulijifunzia kwenye kiwanja cha vumbi karibu na uwanja wa Amahoro, Remera, jioni baada ya kazi. Kidole kimoja mgongoni: gari dogo. Kiganja kizima, na kikabaki: lori, kaa wima, usiuamini upepo mpaka nikuachie. Mwanzoni nilimwangusha, nikaanguka naye, na vijana waliokuja kutazama mpira walitushangilia sisi kuliko mpira. "Yewe, hao wanabembelezana!" Yohana hakuwasikia, na mimi niliwajibu kwa niaba yetu wawili, maneno siyaandiki hapa. Siku zilivyokwenda niligundua kitu: mgongo una mazungumzo. Nilijua kwa kiganja akiwa amechoka, akiwa na hofu, akiwa amekaza viwiko. Mimi niliyezoea kusikika mtaa mzima nilikuwa najifunza kusema na mtu mmoja bila sauti, na wallahi nilijiona msomi. Siku moja Mwalimu alikuja kutuangalia, akasimama kwenye kona na mita ya kushonea shingoni. Jumapili iliyofuata jezi ya Yohana ilikuwa juu ya kulabu na zingine, na Yohana aliivaa hapo hapo juu ya shati.

Siku ya safari tulipita vizuizi vya wanajeshi asubuhi, tukashuka, tukaonyesha vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu, tukapanda. Kanuni yetu hapo ilikuwa ile ile: mmoja akiambiwa asubiri, tunasubiri wote, baiskeli zimelala majanini. Hilo nalo lilikuwa fundisho la Kaliste, na ukijua mwaka ule ulikuwa mwaka gani, utajua uzito wake. Rwamagana tulikunywa chai na kula ndizi za kuchoma, tukapigwa picha ambayo sijui ilikwenda wapi. Kurudi, upepo ulikuwa umeamka vibaya. Wengine mbele mshazari, kisha Faustini aliyeshuka kupumzika, nyuma yake Yohana, halafu mimi mkiani, shingo inauma kwa kugeuka. Ile mikaratusi ikakatika. Hapo hapo nikaona tangi la mafuta linakuja nyuma kwa kasi ya kushuka mlima, na mbele yetu, upande wa pili, basi limejaa mizigo hadi juu ya paa. Lori na basi na sisi, kwenye lami ile, havikutosha. "Lori! Mstari mmoja!" Wakajikunja ukingoni. Mimi sikujikunja. Nilitoka nikakaa katikati ya njia ya lile tangi, nikanyoosha mkono wa kushoto nje, kiganja kimeangalia nyuma, usukani kwa mkono mmoja na upepo ukinitingisha kama nguo kwenye kamba. Honi ililia mpaka nikaihisi kwenye meno. Sikutoka. Ningetoka, dereva angejipenyeza, na wa kwanza kupata habari angekuwa Yohana, aliyekuwa bado hajapata kiganja changu. Nikasikia breki za upepo zikikohoa nyuma yangu. Basi likapita. Ndipo nikarudi ndani, nyuma ya Yohana, na mkono ule ule uliokuwa unalizuia lori nikautua mgongoni mwake, kiganja kizima.

Nikahisi viwiko vinalegea. Akakaa wima kabisa, kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Tangi likaanza kutupita, refu, linanuka dizeli, upepo ukakatika, dunia ikawa kimya upande wa kushoto, na Yohana hakuyumba hata upana wa kidole. Aliyeyumba alikuwa Faustini. Alikuwa ameulalia upepo kwa miguu yake mizuri, akajiona hana haja ya mafundisho, na ukuta ulipoondoka nilimwona anaelekea kwenye zile tairi na goti limetoka nje. Yohana aliyekuwa nyuma yake hakushika breki kwa hofu, hakukwepa, hakutuvuruga. Alishika mstari wake na kumwachia mwenzake nafasi ya kurudi. Faustini akarudi. Tangi likapita lote, upepo ukapiga, nikasubiri utulie, ndipo nikauondoa mkono.

Tulipofika mwanzo wa mtaa wetu Faustini alisimama, mguu chini, akatusimamisha sote. Nikadhani ana pancha. Akamwonyesha Yohana kwa kidole, kisha akaonyesha mbele. Yohana hakuelewa, ikabidi asukumwe. Aliingia Biryogo wa kwanza, na jezi yake ya kijani, watoto wakimkimbilia upande wa kushoto na upande wa kulia, akicheka mdomo wazi. Mimi niliingia wa mwisho kabisa, nikala vumbi la wote, na sijawahi kuingia mahali popote nikiwa na kifua kipana kama kile. Ndani, Mama Zubeda alikuwa ameandaa mishikaki na ndizi, lakini hakuna aliyegusa chakula, maana kanuni ya pale ni kwamba hakiliwi kitu mpaka baiskeli ya mwisho iegemezwe ukutani. Niliegemeza yangu. Faustini akachukua sahani ya kwanza akanipa mimi. "Jumapili ijayo," akasema, bila kuniangalia, "mkia nashika mimi. Unifundishe hicho kiganja." Na kweli alishika, na baada yake mwingine, na ikawa kwetu mkia ndiyo nafasi inayogombaniwa.

Faustini aliuawa mwaka tisini na nne. Mama Zubeda pia, na wengine wa jezi za kijani. Nimeulizwa mara nyingi nisimulie mwaka ule, na nitausimulia mahali pake, kwa heshima yake. Hapa ninachotaka kijulikane ni kwamba kabla yake kulikuwa na chumba chenye baiskeli kati ya suti, na vijana waliojifunza kwamba mwenye nguvu anakaa nyuma. Najivunia hilo. Nimezaa, nimefanya biashara, nimejenga nyumba, na bado nikijitafuta nilipokuwa mtu kamili, najikuta pale kwenye lami, mkono mmoja nje, lori linalia mgongoni, na mimi sitoki.

Baada ya mazishi mimi na Yohana tuliteremka kwa miguu hadi barabarani kusubiri basi. Siku hizi vijana wanapita pale na baiskeli zinazong'aa na kofia ngumu vichwani, na tulisimama kidogo tukawaangalia. Wamekaa mshazari vizuri. Tukaendelea ukingoni kuelekea kituoni, Yohana nyuma akigeukageuka kutazama barabara, mimi mbele, nikiongea kama kawaida yangu, nikisahau kwamba aliye nyuma yangu haoni midomo yangu. Upepo ulikuwa unatoka kushoto na kuchukua kila sauti. Sikusikia kitu. Ghafla nikahisi kiganja kinatua mgongoni mwangu, kizima, kizito, cha fundi seremala. Nikanyamaza. Nikakaa wima, nikalegeza viwiko. Trela likatupita karibu sana, refu, na upepo ukakatika, ukarudi, ukatulia. Mkono ulibaki pale mpaka ulipotulia kabisa. Safari hii mkia alikuwa ameshika yeye.